Sensa ya maua imenila elfu tisini, na ua la mama limekufa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na kabla hamjaanza utani: sensa ninayoisema siyo ile ya kuhesabu watu. Ni kidude unachokichomeka kwenye kopo la ua, kinakuletea taarifa kwenye simu kama udongo una maji au hauna.

Nilinunua mbili, 45,000 kila moja. Mama ana ua la Usambara pale sebuleni kwetu Chumbageni, Tanga, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Analipenda kuliko sisi wanawe. Ua lenyewe la mkoani kwetu hapa hapa! Mjerumani Saint Paul alipeleka mbegu kwao 1892, likazagaa dunia nzima, leo nauziwa kidude cha kunifundisha kulimwagilia.

Wiki tatu simu inasema "unyevu 74%, usimwagilie". Mama ananiambia mwanangu, ua linanyauka. Namjibu mama, mashine haikosei. Ijumaa akachomeka kidole cha shahada kwenye udongo, kikatoka na vumbi. Akanitazama. Hakusema kitu, na hapo ndipo paliponiuma.

Nikakichomoa kidude, meno yake mawili yameliwa, yana ukungu wa kijani. Fundi redio mmoja wa Ngamiani akacheka. Kumbe kinapitisha umeme kidogo kutoka jino hili kwenda lile. Ukipita kwa urahisi, kinahesabu kuna maji. Sasa kwetu tunamwagilia maji ya kisima, na kisima chetu ni cha chumvi. Unyevu kidogo wenye chumvi unapitisha umeme vizuri, kidude kinaona bwawa. Umeme huo huo ndio unaoyatafuna meno. (Chumvi nayo inaua maua, najua, msinianze.) Fundi anasema zipo za aina nyingine ambazo chuma hakigusi udongo, hizo haziliwi hivi. Mbona muuzaji hakuniambia?

Huyo muuzaji, siku ya kulipia alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuandika. Nimemtumia picha, tiki za bluu, kimya siku nne. Halafu: "Kaka badilisha maji." Nibadilishe na ya nani, bahari niihamishe?

Ya pili ipo kwenye boksi, na boksi zima halina neno chumvi. Aliyewahi kurudishiwa hela na hawa wa mtandaoni alipitia wapi? Tume ya Ushindani, wale wa kutetea walaji, wanasikiliza kesi ya elfu tisini, au nitachekwa?