Naomba ushauri: matofali ya nyumba ya marehemu baba yajengewe tena, au yavunjwe kuwa kifusi?

MwanaKilolo ameandika:

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za kazi.

Tunalazimika kuivunja nyumba aliyoijenga marehemu baba mwaka 1977 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, baada ya familia yetu kuhamishwa na Operesheni Vijiji (mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji) kutoka makazi ya awali ambayo leo ni mahame. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa udongo, na lipu ya saruji iliongezwa miaka mingi baadaye. Mchwa umemaliza kenchi za paa, ukuta wa magharibi umepinda, na mafundi wawili waliokuja kwa nyakati tofauti wamekubaliana kwamba haifai kukarabatiwa. Nyumba mpya itasimama kwenye kiwanja hichohicho na itahitaji matofali yapatayo 11,000.

Fundi tuliyekubaliana naye anashauri kwamba matofali ya zamani yapondwe yatumike chini ya jamvi (sakafu ya zege), kisha tufyatue mapya na kuyachoma. Udongo anaoutaka uko bondeni, pembeni kabisa ya kinyungu (bustani ya bondeni) cha mama ambacho ndicho kinachotulisha mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Kuni zitatoka kwenye milingoti (mikaratusi) ya jirani, na zitakazopungua atazitafuta kwenye msitu wa asili ulioko juu ya kijiji.

Mimi moyo wangu umekataa. Mama anasimulia kwamba magogo ya tanuri la kwanza yalisombwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kwa wiki kadhaa, na kwamba kilima walikoyakata hakijarudia hali yake hadi leo. Miti ile imekwisha kuungua, na joto lake limo ndani ya matofali hayo. Je, kuna faida ya kweli kwa mazingira iwapo tutayarudia, au ninaongozwa na kumbukumbu za baba tu? Na je, nyumba itakuwa imara?

Fundi Mstaafu ameandika:

Mwanangu, marahaba. Nimejenga kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninaomba usimlaumu fundi wako haraka, kwa sababu hofu yake ina msingi. Tanuri la kienyeji halichomi matofali yote sawasawa. Yaliyokuwa jirani na midomo ya moto huiva hadi kuwa meusi, ya katikati huwa mazuri, na yale ya safu za nje na za juu hubaki nusu mabichi. Yote hayo yamo ukutani kwa baba yako, yamefichwa na lipu, na ukiyapanga bila kuyachambua utaweka tofali dhaifu mahali penye kubeba mzigo.

Hata hivyo, kuchambua kunawezekana bila mashine yoyote. Chukua mawili uyagonganishe: lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti nzito iliyokufa. Likwaruze kwa msumari, na ukiona limechimbika kirahisi liweke kando. Kisha chagua machache, uyapime yakiwa makavu, uyaloweke kwenye pipa usiku kucha, na uyapime tena asubuhi. Kama uzito umeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano, matofali ya aina hiyo yatumie kwenye kuta za ndani tu, mbali na mvua na mbali na msingi. Yaliyotoka jikoni yenye masizi, na yaliyokaa karibu na choo au zizi ambayo yameingiwa na chumvi, usiyapeleke mahali patakapopigwa lipu, kwa maana madoa na unga mweupe vitajitokeza kila msimu wa mvua hata upake rangi mara ngapi.

Bahati yako kubwa ni ule udongo. Tofali lililopangwa kwa udongo hutoka kwa mtaimbo mdogo na kusafishwa kwa panga butu, na kibarua mzoefu anaweza kusafisha mia mbili hadi mia tatu kwa siku. Lingekuwa limepangwa kwa saruji kali, lingevunjika lenyewe kabla ya saruji kuachia, na hapo ningekuwa upande wa fundi wako.

Mwanamisitu ameandika:

Dada, umeuliza kama faida ni ya kweli, nami nitajibu kwa hesabu, kwa kuwa nimefanya kazi ya misitu katika nyanda hizi na nimesimama mbele ya matanuri mengi.

Tofali moja la kienyeji lina uzito wa kilo tatu hivi. Katika matanuri niliyowahi kuyafuatilia, kila matofali 1,000 yalikula kati ya nusu tani na tani nzima ya kuni kavu, ikitegemea kama tanuri limesilibwa vizuri kwa udongo na kama kuni zilikauka au zilikuwa mbichi. Kwa matofali yako 11,000 tunazungumzia tani tano na nusu hadi tani 11. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa kilo 3.67 za hewa ya ukaa, hivyo tani moja ya kuni hutoa takribani tani 1.8 za hewa hiyo. Hesabu hiyo haijagusa moshi wanaouvuta vijana wanaokesha wakichochea.

Ni lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mlingoti ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na mwenye shamba akiutunza, baada ya miaka kama kumi hewa iliyotoka inakuwa imerudi kwenye shina jipya kwa kiasi kikubwa. Miti ya msitu wa asili haiko hivyo. Myombo au mninga wa unene wa kutosha kuchochea tanuri umetumia miongo mingi kufikia hapo, na juu ya kilima chenye mteremko udongo huondoka na mvua kabla mti haujarudi. Kwa hiyo sehemu ya kuni ambayo fundi wako anasema ataitafuta huko juu ndiyo sehemu yenye hasara kubwa kuliko zote, na ndiyo itakayookolewa kwanza ukitumia matofali ya zamani, hata kama hayatatosha nyumba nzima.

Kuhusu bondeni, naomba ulichukulie kwa uzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Mashimo ya udongo wa matofali hujaa maji ya mvua na kuzalisha mbu, na katika bonde jembamba hunyonya maji yanayolisha vinyungu vya jirani. Kinyungu kikishachimbwa hakirudi kuwa kinyungu katika umri wa mama yako.

Kijana wa Mjini ameandika:

Kwa heshima zote, naona mnazunguka. Ajenge kwa bloku za saruji. Hazihitaji kuni hata moja, na nyumba itapanda kwa wiki mbili.

Mhandisi Ujenzi ameandika:

Kaka, bloku haihitaji kuni kijijini kwa sababu moto wake umewashwa mahali pengine. Saruji huanza kama mawe ya chokaa yanayochomwa kwa joto la takribani nyuzi 1,450, na mbali na makaa au gesi inayotumika, jiwe lenyewe huachia hewa ya ukaa linapobadilika: katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 huondoka kama hewa. Ndiyo maana tani moja ya klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, hutoa takribani kilo 800 hadi 900, na ndiyo maana viwanda vya saruji duniani hukadiriwa kuchangia asilimia saba hadi nane ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Bloku zina mahali pake, lakini hazifai kuitwa njia isiyo na moto.

Dada MwanaKilolo, ninachotaka kukisisitiza kwako ni kitu ambacho watu wengi hukisahau wanaposhangilia matofali ya zamani, nacho ni kile utakachokipanga katikati ya tofali na tofali. Baba yako alitumia udongo, na kwa kutumia udongo alikuachia matofali yanayoweza kutoka. Ukiyapanga leo kwa saruji kali ya moja kwa tatu, utakuwa umeyafunga daima, na mjukuu wako atapata kifusi. Nimeishi Copenhagen kwa masomo, na huko niliona nyumba za makazi ziitwazo Resource Rows, ambazo kuta zake za nje zimetengenezwa kwa vipande vya mraba vilivyokatwa kwa msumeno kutoka majengo ya zamani, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Walilazimika kuukata ukuta vipande vizima kwa sababu majengo ya miongo ya karibuni yalipangwa kwa saruji ambayo ni ngumu kuliko tofali lenyewe, na tofali mojamoja lisingetoka salama. Yale ya zamani zaidi, yaliyopangwa kwa chokaa, husafishwa na kuuzwa moja baada ya jingine.

Ushauri wangu ni utumie mchanganyiko laini wa saruji, chokaa na mchanga kwa uwiano wa moja, mbili, na tisa kwenye kuta za ndani, na moja, moja, na sita kwenye kuta za nje zinazopigwa na mvua. Unatosha kabisa kwa nyumba ya chini, unapumua, na utaachia tofali siku ikifika. Msingi na lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) usivibanie. Hapo tumia zege na nondo kama kawaida, na weka nailoni nzito juu ya msingi ili unyevu usipande, kwa maana tofali la zamani hunywa maji. Yaloweshe kabla ya kuyapanga, la sivyo yatanyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika.

Jambo jingine ni vipimo. Matofali ya 1977 yalifyatuliwa kwa fremu ya mbao na hayalingani. Yapangeni marundo mawili au matatu kwa unene kabla ya kuanza, kwa sababu kuyachanganya huongeza unene wa maungio, na saruji mliyokusudia kuiokoa itapotelea humo.

Muuguzi wa Kata ameandika:

Naongeza moja tu. Vumbi la tofali na la lipu lina silika, nayo huharibu mapafu taratibu bila mtu kujua. Wanaosafisha wanyunyizie maji kwanza na wafunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, na watoto wasicheze hapo. Vilevile, kama paa ni la asbestosi badala ya bati, msilivunje wenyewe kabla ya kupata maelekezo ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

MwanaKilolo ameandika:

Nawashukuru sana. Paa ni bati, hivyo hilo tumesalimika.

Fundi Mstaafu, niliyasoma maneno yako kwa sauti mbele ya fundi wetu, naye alikubali tufanye jaribio kwa ukuta mmoja wa jiko la nje. Tumetoa matofali 412. Mazima na yaliyolia vizuri ni 305, nusu zinazofaa kufungia kona ni 58, na yaliyobaki 49 ni mabovu. Yenye masizi tumeyaweka kando kwa ajili ya kuta za banda la kuku, ambazo hatutazipiga lipu. Lipu ya saruji ilibanduka kwa mapande makubwa kwa sababu haikuwahi kushikana na udongo uliokuwa nyuma yake. Nyumba nzima tunaikadiria kuwa na matofali 9,000, hivyo tukipata kiwango hichohicho tutakuwa na mazima zaidi ya 6,500, na pengo litakuwa kama 4,500. Ndugu mmoja anayeishi mjini amejitolea kutununulia yaliyobomolewa huko, umbali wa kilometa 60. Je, niyakubali?

Mwanamisitu ameandika:

Matofali 4,500 ni tani 13 na nusu, yaani safari mbili za lori la tani saba, kilometa 240 kwa kwenda na kurudi. Kila lita ya dizeli hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Bado ni afadhali kuliko kukata msitu wa asili, lakini uliza kwanza kijijini. Uliandika juu ya mahame ya babu yako. Hakuna kuta zilizosimama huko?

MwanaKilolo ameandika:

Kwa babu zilikuwa nyumba za miti na udongo, hivyo hakuna tofali. Lakini swali lako lilimkumbusha mama kwamba kilometa mbili kutoka kwetu liko gofu la ghala la ushirika lililoanguka paa zamani, na kuta zake ni za kuchoma zilizopangwa kwa udongo. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na suala limepelekwa kwenye halmashauri ya kijiji. Wameridhia tuyachukue kwa malipo yatakayonunua madawati, kwa sharti kwamba tusafishe eneo lote na tuwaachie matofali ya kutosha choo cha shule.

Fundi tumebadilishana naye mkataba. Hatalipwa tena kwa siku za kubomoa, atalipwa kwa kila tofali zima lililosafishwa, na tangu tulipoandikiana hivyo vibarua wake wanayashusha kwa mikono badala ya kuyaangusha. Vipande vibovu vitakwenda chini ya jamvi kama alivyotaka mwenyewe. Mama ameanza kupanda maharage kwenye kinyungu, hadi ukingoni kabisa ambako palikuwa pamewekwa vigingi vya shimo la udongo.

Mhandisi, bado ninalo swali moja. Chokaa inayouzwa madukani huku ni ya kupakia ukutani. Je, hiyohiyo inafaa kwa kupanga matofali?

Mhandisi Ujenzi ameandika:

Soma mfuko, dada. Inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya ujenzi, yenye unga laini uliokwisha kuzimwa kwa maji, na isiyochanganywa rangi wala gundi. Ichanganye na maji siku moja kabla ya kuitumia, uifunike kwa gunia bichi, na saruji uiongeze asubuhi ya kazi. Safu moja ya matofali uipange kwanza kwenye ukuta wa banda la kuku, uiache siku saba, kisha uyakwaruze maungio yake kwa ufunguo uone kama yameshika kabla hujaingia kwenye nyumba ya mama.