Acheni kutabiri soko la prosesa kwa maonyesho ya jukwaani

Wakuu, hii tabia inachosha. Kampuni ikipanda jukwaani na prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ambayo haijafika hata dukani, humu watu wanaanza kugawana soko: huyu kwisha habari yake, yule kashinda. Kashinda nini?

Mmesahau Taipei, Juni 2018? Pale Computex, maonyesho ya kompyuta, Intel walionyesha prosesa ya kore 28 (kama prosesa ndogo 28 ndani ya moja) ikikimbia spidi ya GHz 5 kwenye kore zote. Waandishi walipochunguza, chini ya meza kulikuwa na mtambo wa kupoza maji wenye nguvu ya farasi 1, aina ile ya matangi makubwa ya samaki, mabomba yamepanda mpaka kwenye kompyuta. Walipobanwa, wakasema walisahau kutaja kwamba prosesa ilisukumwa kupita kiwango chake. Walisahau! Mtambo mzima uko miguuni pao! Ilipoingia sokoni 2019 kwa jina la Xeon W-3175X, spidi ya kuanzia ilikuwa GHz 3.1, ya juu kabisa 4.3, bei dola 2,999. AMD, wapinzani wa Intel, walioonyesha prosesa ya Threadripper ya kore 32 siku ya pili yake ikipozwa kwa feni tu, waliitoa Agosti 2018 kwa dola 1,799.

Na nyie mashabiki wa AMD msichekelee. Mei 2022 prosesa ya AMD, Ryzen 7000, ilimaliza kazi ya Blender (programu ya picha za 3D) kwa sekunde 204, Core i9-12900K ya Intel ikatumia 297. Intel ikazikwa siku hiyo hiyo. Aliyewekwa pale kushindana naye ni toleo la 2021, wakati toleo jipya la Intel lilikuwa njiani, likatoka Oktoba, likikubali ubao mama (unapochomekwa prosesa) wa zamani na RAM za kizazi cha zamani, DDR4. Ryzen mpya ilitaka ubao mpya na DDR5, ambazo zilikuwa ghali. Kabla mwaka haujaisha AMD wakashusha bei.

Nvidia ndio usiseme. Januari 2025 tukaambiwa kadi yao ya picha RTX 5070 ya dola 549 inafanya kazi ya RTX 4090, kadi yao kubwa ya kizazi cha nyuma, kumbe hesabu imejazwa fremu (picha za mchezo) zinazotungwa na akili mnemba. Memori yenyewe GB 12 kwa 24!

Anayetaka kufungua uzi wa kulinganisha aweke umeme unaoliwa, kipozeo kilichotumika, bei ya prosesa pamoja na ubao na RAM, na vipimo vya watu wasiolipwa na kampuni. Kama hana, asubiri bidhaa itoke. Kuna watu wanasoma nyuzi zenu halafu wanatoa hela zao mfukoni.