Uji wa kulisha kwa mpira: mgonjwa hajala siku 8, tuanze na kiasi gani?

SistaWodi4
Habari wakuu. Mgonjwa wa kiharusi, kilo 45, BMI (uzito kwa urefu) 17, hawezi kumeza. Siku 8 amekuwa kwa dripu tu. Leo kawekewa NGT (mpira wa kulishia unaopita puani hadi tumboni) namba 14. Ndugu wanaleta uji wa dona kwenye chupa ya chai, na mpira umeshaziba mara 2. Nikivuta kabla ya kulisha napata ml 180 za vilivyomo tumboni. Zamu iliyopita imeandika asilishwe. Maziwa ya kopo ya hospitali hatuna. Naanzaje?

Afisa_Lishe
Pole na zamu, sista. Thiamini (vitamini B1) itangulie uji: mg 200 hadi 300 kwa siku, kwa siku 10 za mwanzo. Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula, insulini inapanda na kusukuma fosifeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Kwenye damu zinashuka, moyo unapiga ovyo, misuli ya kupumua inalegea. Hiyo ndiyo ile "alikuwa anaendelea vizuri, ghafla akabadilika".

Siku ya kwanza usizidishe kalori 10 kwa kilo, yaani 450. Panda taratibu kwa siku 4 hadi 7 mpaka 25–30 kwa kilo. Kama dripu ina glukosi, ihesabu humo humo.

Uji mtupu wa gramu 100 za unga kwa lita moja una kalori kama 350 tu. Lita moja na nusu yake haimfikishi nusu ya mahitaji, ingawa tumbo limejaa. Pika hivi: unga wa sembe gramu 100 kwa maji ml 400, ongeza maziwa lita 1, mafuta ya kula vijiko vya chai 4, mayai 3 yaliyochemka hadi kuiva kabisa. Saga kwa blenda, chuja. Unapata kalori 1,350 hivi na protini karibu gramu 58. Theluthi ya chungu hicho, ukigawa milo 6, ndiyo siku ya kwanza.

Ukiwa mzito, usiongeze maji! Uache upoe kidogo, koroga kijiko cha kimea cha ulezi, subiri dakika 10, kisha uchemshe tena. Kimea kinavunja wanga na uji unakuwa mwepesi bila kupoteza kalori.

Zamu_ya_Usiku
Dona ndiyo inayoziba: ina pumba, na uji wake ukipoa unaganda ndani ya mpira. Sukuma maji ml 30 kabla na baada ya kila mlo, na katikati ya dawa na dawa. Ukiziba, maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano la ml 50, vuta-sukuma polepole, acha dakika 15, rudia. Bomba dogo lina presha kubwa, linaweza kupasua mpira. Soda achana nayo, asidi inagandisha maziwa.

Hiyo ml 180 si sababu ya kumnyima. Kama hatapiki na tumbo halijavimba, miongozo ya ICU (wodi ya mahututi) inavumilia hadi ml 500. Ila kichwa kiwe juu nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo saa nzima baada ya mlo.

Na kusukuma hewa kwenye mpira ukaisikiliza tumboni kwa stethoskopu hakuthibitishi kitu. Mpira ulio kwenye pafu nao hulia. Pima pH (kiwango cha asidi) ya ulichovuta: 5.5 kushuka chini, endelea. Akiwa kwenye omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) pH inaweza kudanganya, omba eksirei.

SistaWodi4
Asanteni. Fosifeti haipimwi hapa kwetu.

Afisa_Lishe
Basi panda polepole zaidi, potasiamu na magnesiamu zipimwe kila siku. Maziwa yenyewe yana fosifeti na potasiamu ya kutosha, ndiyo maana nimeyapa lita nzima. Akianza kuvimba miguu, kuhema haraka au kulegea kuliko jana, rudisha kiasi cha siku iliyotangulia na umwite daktari saa hiyo hiyo. Uji uliokaa nje zaidi ya saa 2 umwagwe, hata ukiwa kwenye chupa ya chai.