Yule mtaalamu wa "umaskini uko kichwani" kanivuruga, jamani!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukana mnivumilie.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa kila semina ya elimu na usawa, anayefungua hotuba kwa "mimi mwenyewe nilisoma peku." Peku gani, mtu ana kisigino laini kama shavu la kichanga?

Leo kapewa kipaza sauti saa mbili nzima. Mtoto anaanza chekechea anamaliza chuo, yeye bado yuko kwenye utangulizi. Slaidi ya kwanza mpaka ya mwisho ni mtoto yuleyule kakaa chini ya mti, anacheka. Muda wa maswali ulipofika nikanyanyuka. Nikauliza kistaarabu kabisa: 1990 kwenye mkutano wa dunia wa elimu kule Jomtien, Thailand, mlituahidi elimu ya msingi kwa wote ifikapo 2000. Mwaka 2000 mkahamia Dakar, Senegal, mkasema 2015. 2015 ikafika, mkasema 2030. Mdeni gani huyu wa njoo kesho? Na mbona ada ikifutwa inarudi kwa mlango wa nyuma, imevaa jina la mchango?

Wakuu, akafungua chupa ya maji. Akanywa. Akafunga kifuniko taratibu. Akanitazama kuanzia kichwani akashuka mpaka kwenye viatu, na hapo kwenye viatu akatua. Akasema, "Dada, umaskini uko kichwani."

UKUMBI UKACHEKA.

Kichwani! Kwa hiyo daftari nikanunue kwa nywele? Mtu anafunga kifuniko taratibu, anakagua viatu vya mwenzie, halafu kichwani! Njia nzima nilikuwa najisemea peke yangu "kichwani, kichwani," mpaka jirani yangu kwenye gari akahama kiti.

chaki_na_vumbi: Pole dada. Ila hivyo viatu vikoje? Weka picha.

bingwa_wa_kona: Hii chai. Mtaalamu hajibu swali, anasema "swali zuri sana" anapita.

Mleta uzi: Nakwambia alifunga kifuniko TARATIBU!

mzazi_wa_zamu: Mkumbusheni Mexico 1997. Akina mama maskini walipewa fedha mkononi kwa sharti watoto waende shule, na fungu la binti wa sekondari likawa kubwa kuliko la mvulana. Watoto wakaenda. Kumbe kichwa kilikuwa mfukoni.

Mleta uzi: Ningekuwa na jibu hilo pale! Mimi nilikaa tu.

bingwa_wa_kona: ULIKAA?? Povu lote hili na ulikaa?

ticha_bila_chaki: Ninyi mnalia na ada, sisi tulie na nani? Malawi walifuta ada 1994, wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mwaka mmoja. Walimu wakaokotwa wengi ambao hawajasomea kazi. Mwanasiasa anatangaza, anapigiwa makofi, anaondoka. Darasa langu nikiita majina, sijafika nusu kengele ya mapumziko imelia.

msaka_ajira: Afadhali wewe una darasa. Mimi nina digrii, kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitano. Nikaupatie wapi, tumboni mwa mama?

ticha_bila_chaki: Njoo uchukue darasa langu.

msaka_ajira: Mshahara unatoka tarehe ngapi?

ticha_bila_chaki: Tubadilishe mada.

konokono: Hiyo semina, kundi lenu mlipewa posho?

Mleta uzi: Jamani, mada ni KICHWANI!

mkaa_nyuma: Mimi nilikuwepo. Nilicheka pia, samahani dada, viatu ni vya kawaida tu. Kuhusu posho, tulisaini karatasi mbili, bahasha ikaja moja.

konokono: Mbili? Sisi wa kundi la asubuhi tulisaini tatu.

mkaa_nyuma: Tatu?! Ya tatu ilikuwa ya nini?