Miaka minne naitwa "mshauri wa kujitegemea" huku napangiwa hadi saa ya kula

Ndugu wahandisi wenzangu, mwezi uliopita wenzangu watatu waliondolewa kazini kwa barua pepe ya mistari sita, bila notisi wala kiinua mgongo, na nimeona siwezi kuendelea kunyamaza.

Nipo Nairobi, katika kampuni ya kimataifa inayouza programu za kuchanganua miundo ya majengo na madaraja. Mhandisi wa Texas akiona mhimili wake unapinda kupita kiasi kwenye modeli, tiketi yake, yaani ombi lake la msaada, huniangukia mimi. Zamu yangu hufuata saa za Houston, yaani saa 11 jioni hadi saa 8 usiku, na Wamarekani wanapobadilisha saa zao mwezi Machi nasi huambiwa tuanze saa moja mapema.

Kwenye mkataba, hata hivyo, mimi si mwajiriwa. Kila mwezi naandika ankara, wakala wao wa hapa nchini ananikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla malipo hayajanifikia, na bima najitafutia. Lakini kompyuta ni yao, ina programu inayohesabu dakika ambazo sijagusa kibodi, ratiba wanapanga wao, na nimekatazwa kumfanyia kazi mtu mwingine yeyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na baba aliyepata mtoto hupewa wiki mbili. Mke wangu alipojifungua nilikaa naye siku nne, na zote nne zikakatwa kwenye malipo yangu.

Kisha kuna kipimo chao cha kazi, ambacho kinanikasirisha kuliko hata fedha. Tunatakiwa kufunga tiketi 14 kwa zamu, ilhali modeli moja ya daraja inaweza kudai saa tatu za kukagua viungio, egemeo na michanganyiko ya mizigo. Anayenakili aya ya mwongozo na kufunga tiketi husifiwa kikaoni. Mimi niliyegundua kwamba mteja amesahau kuingiza uzito wa zege lenyewe niliulizwa kwa nini nimechelewa. Hilo lilikuwa jengo ambalo watu wataishi ndani yake!

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja, kumwarifu ofisa wa kazi, na kulipa angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mmoja wa hao watatu alitumikia miaka sita. Angekuwa na siku 90 za malipo mkononi, lakini kwa sababu ya neno "mshauri" ameondoka mikono mitupu.

Kama yupo aliyepeleka mkataba wa aina hii katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, naomba anieleze alianzia wapi na alihitaji ushahidi gani. Ankara, ratiba za zamu na maagizo ya meneja ninayo yote tangu mwezi wa kwanza.