Makundi fiche: nichague 3 au 4?

BintiTandika: Wakuu, habari za jioni. Nina dodoso la wauza mboga Tandika na wauza samaki Feri, hapa Dar, maswali 6 ya ndiyo/hapana: kibubu, kikoba, mchezo (wa kupeana hela kwa zamu), simu, benki, na kununua bidhaa badala ya kukaa na hela. Nataka kujua kuna aina ngapi za waweka akiba. Natumia poLCA, kifurushi cha kutafuta makundi fiche (yasiyoulizwa, yanayokisiwa kutokana na majibu) kwenye R, programu ya takwimu. Kila nikiiendesha, kundi la 1 linageuka la 3, na mara nyingine asilimia zenyewe zinahama. Halafu msimamizi anataka makundi 4, eti yanaelezeka vizuri.

Kipanya_R: poLCA haitaki sifuri. Hapana iwe 1, ndiyo iwe 2.

BintiTandika: Hilo nilishaliweka sawa, mkuu.

MzeeWaDodoso: Mdogo wangu, namba za makundi kubadilishana kusikupe presha, kompyuta haina la kwanza wala la mwisho. Asilimia kuhama ndiyo kesi. Hesabu inapanda kutoka ilipoanzia, ikikuta kilima kidogo inatua hapo. Weka nrep=50 ianzie sehemu tofauti na ibakize jibu lenye uwezekano mkubwa kuliko yote.

Sasa 3 au 4. Makundi 3 yanakadiria namba 20, makundi 4 yanakadiria 27, na BIC, alama ya kulinganisha modeli, inakutoza kwa kila namba ya ziada. BIC ndogo ndiyo bora, ila usiishie hapo. Tangu enzi za Lazarsfeld, mwasisi wa mbinu hii, sharti ni moja: ndani ya kundi, jibu la swali hili lisikudokeze la swali lile. Wewe umeweka kikoba na mchezo! Pale sokoni mara nyingi ni akina mama walewale. Modeli ikishindwa kuubeba ukaribu huo, inazua kundi. Tazama la nne: kama linapishana na la tatu kwenye hayo mawili tu, hao si watu wapya. Yaunganishe yawe swali moja la majibu manne: hakuna, kikoba tu, mchezo tu, vyote. Makundi 3 hapo yanakadiria namba 23, na kwa kuwa michanganyiko ya majibu inabaki 64 ileile, BIC zinalinganishika.

BintiTandika: Kweli, yanapishana hapo hapo tu! Asante sana, mzee. Sasa nikishampa kila mtu kundi lake, nifanye regresheni kuona kama kundi linahusiana na jinsia?

MzeeWaDodoso: Hapana. Mwenye uwezekano wa 0.55 kuwa kundi moja na 0.45 kuwa jingine utamhesabu kama mwenye 0.99. Jinsia iingie ndani ya fomula yenyewe, pale ulipoandika ~1.