Wimbo wa mahafali kwa wanafunzi wa miaka 15 nchini Japani: tuchague upi?

Swali

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu msaidizi wa lugha katika shule ya sekondari ya awali hapa Japani, ile ya miaka mitatu ambayo watoto huimaliza wakiwa na umri wa miaka 15, na safari hii nimeingizwa katika kamati ya walimu wanaotayarisha mahafali ya mwezi Machi. Mengine yote yamekwisha kupangwa, isipokuwa wimbo ambao wahitimu watauimba mbele ya wazazi kabla ya kutoka ukumbini. Walimu wa makamo wanapendekeza Aogeba Totoshi, kwa hoja kwamba mahafali bila wimbo huo hayajakamilika. Wanafunzi nao wameleta orodha ya nyimbo za bendi wanazozipenda, na nyingi kati ya hizo ni nzuri kuzisikiliza, ila zimetungwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja mwenye sauti ya pekee; tulipozijaribu darasani, kiitikio kiliimbwa kwa nguvu na beti zikaachiwa watoto wanne watano wanaozijua. Ningependa kuwasikia wanaoishi huku au waliosomesha watoto huku: ni kitu gani hasa huufanya wimbo wa kuagana uwaingie vijana? Na je, nyimbo za kale ziachwe, au ipo namna ya kuwarudishia?

Jibu la kwanza

Mwalimu, pole na hongera kwa kazi hiyo. Watoto wangu wawili wamesoma huku, kwa hiyo nimekaa katika mahafali hayo kama mzazi.

Kabla ya kuziacha nyimbo za kale, ni vyema kujua kwa nini zimekuwa mbali na watoto. Aogeba Totoshi ilichapishwa mwaka 1884 katika vitabu vya nyimbo za shule vya enzi ya Meiji, na lugha yake ni Kijapani cha kale ambacho mtoto wa leo hukisoma katika somo la fasihi kwa msaada wa maelezo. Ubeti wa kwanza unamshukuru mwalimu kwa fadhila zake, na shukrani hiyo si jambo dogo. Taabu ni kwamba wanafunzi wanatakiwa kuitoa kwa maneno ambayo wao wenyewe hawayatumii, mbele ya walimu walewale waliowachagulia maneno hayo. Ubeti wa pili, unaomhimiza kijana ainuke katika maisha na ajipatie jina, umepingwa na wengi kwa kuwa unafanana na kumfundisha mtoto kutafuta ukubwa, na shule nyingi huuruka. Kuna habari moja ambayo huenda ikawavutia wanafunzi wako: kwa zaidi ya karne nzima haikujulikana lahani yake ilitoka wapi, mpaka mwaka 2011 mtafiti Masato Sakurai alipoikuta katika kitabu cha nyimbo kilichochapishwa Marekani mwaka 1871, na kumbe huko nako ulikuwa wimbo wa kuagana shule inapofungwa. Watoto wangu waliposikia hayo walianza kuusikiliza kwa makini.

Hotaru no Hikari, ambao lahani yake ni ya Kiskoti na inajulikana hata kwetu, una shida nyingine. Maduka ya Japani hupiga lahani hiyo, katika mpangilio wa mapigo matatu uliofanywa na mtunzi Yuji Koseki, kuwajulisha wateja kwamba wakati wa kufunga umefika, na kijana aliyeisikia namna hiyo tangu utotoni hukumbuka kwanza sokoni kabla ya kukumbuka shule. Nashauri wimbo wa kale upewe nafasi ambayo ukumbi mzima, wazazi na babu na bibi pamoja, wataimba ubeti mmoja. Neno la mwisho la wahitimu liwe jingine.

Jibu la pili

Mimi ni Mjapani niliyejifunza Kiswahili katika chuo kikuu huko Osaka, na mwaka 2008 nilikuwa na miaka 15. Nautaja umri wangu kwa sababu mwaka huo wimbo wa Angela Aki uitwao Tegami, yaani barua, uliteuliwa kuwa wimbo wa lazima kwa shule za sekondari za awali katika mashindano ya kwaya ya taifa yanayoandaliwa na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Ndani yake kijana wa miaka 15 anamwandikia mtu atakayekuwa baadaye, akikiri kwamba ana jambo linalomwelemea na hana wa kumwambia. Kisha mtu mzima yule anamjibu, na hamdanganyi kwamba maumivu yataisha. Tulikuwa tumezoea nyimbo zinazotuambia tusonge mbele kwa furaha, na huu ulikuwa wa kwanza kuturuhusu kusema hadharani kwamba tunaogopa. Baadhi ya wenzangu walioona haya kuimba katika masomo ya muziki waliimba huu bila kulazimishwa. Mwaka uliofuata kundi la Ikimonogakari lilitunga YELL kwa mashindano hayohayo, na hadi leo unaimbwa katika mahafali. Zingatia, mwalimu, kwamba hizi zote ni nyimbo za wasanii wa redio na televisheni, lakini zilitolewa kwa ajili ya kwaya za shule tangu mwanzo. Kwa hiyo orodha ya wanafunzi wako usiitupe. Tafuta tu ni nyimbo zipi zimekwisha kupangiwa sauti.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba wimbo uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi huwaingia ni ule uitwao “Tabidachi no Hi ni”. Mwaka 1991, katika shule ya sekondari ya awali ya Kagemori mjini Chichibu, mkoa wa Saitama, mkuu wa shule Noboru Kojima aliandika maneno, mwalimu wa muziki Hiromi Sakamoto akayatungia lahani, na walimu wakawaimbia wahitimu kama zawadi ya kuwaaga. Haukukusudiwa kutoka nje ya shule ile, lakini shule nyingine ziliupokea, na sasa ni miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa zaidi Machi nchini kote. Naamini nguvu yake inatokana na kwamba ulitungwa na watu waliowajua kwa sura wale waliokuwa wakiwaaga.

Jibu la tatu

Mimi ni mwalimu wa kwaya Moshi, sijafika Japani, ila naongeza la kiufundi. Katika umri huo wavulana wanabadilika sauti, na wimbo wenye noti za juu utawanyamazisha nusu ya darasa hata kama wanaupenda. Wapangie sauti tatu, wavulana wote wawe na sauti moja isiyopanda wala kushuka mno, na beti zianze kwa sauti moja ya pamoja kabla ya kugawanyika. Kijana asiyesikia sauti yake ndani ya wimbo hawezi kuuona kuwa wake.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimewauliza wanafunzi ni upi katika orodha yao umekwisha kupangiwa kwaya, wakanionyesha 3-gatsu 9-ka wa bendi ya Remioromen, uliotoka mwaka 2004. Nimeelezwa kwamba ulitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki, kisha tamthilia ya televisheni ya mwaka 2005 ikawaonyesha wanafunzi wakiuimba kwa sauti za kwaya, na tangu hapo shule zikauchukua. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, amependekeza Gunjo. Wenzake wengi waliunga mkono mara moja kwa sababu unaliza. Hapo nikasita.

Jibu la pili, tena

Umefanya vyema kusita, lakini usiukatae. Gunjo ulizaliwa katika shule ya sekondari ya awali ya Odaka, mjini Minamisoma, Fukushima. Baada ya tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia ya Machi 2011, wakazi wa eneo hilo walihamishwa na watoto wakatawanyika sehemu nyingi za nchi. Baadhi ya wenzao walikuwa wamekufa. Waliobaki shuleni walibandika picha za wenzao juu ya ramani kubwa, wakawa wanasemezana kuhusu umbali wao na kuhusu mbingu inayowafunika wote, na mwalimu wao wa muziki, Miki Oda, akayakusanya maneno hayo na kuyatungia wimbo ambao waliuimba walipohitimu mwaka 2013.

Wanafunzi wako wataagana na marafiki watakaoingia shule nyingine za mji uleule, na tofauti hiyo inapaswa kuheshimiwa. Wakiuimba kwa kuwa unaliza tu, watakuwa wameazima msiba wa wengine. Wakiujua ulikotoka, wanaweza kuuimba kwa haki kabisa, kama zinavyofanya kwaya nyingi hapa nchini. Mwombe yule kijana aliyeupendekeza aeleze mbele ya wenzake kwa nini aliuchagua, kisha msome maneno ya nyimbo zote tatu, huu pamoja na 3-gatsu 9-ka na Tabidachi no Hi ni, kwa sauti na bila muziki, ndipo mpige kura. Fanyeni hivyo kabla ya mwisho wa Januari, maana sauti tatu hazijifunzi kwa wiki mbili.